Kuhesabu Kabla ya Kununua



Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, kijana mmoja alinisubiri mlangoni, simu mkononi. "Padre, ninunue hisa zipi?" Sikumtajia hata moja. Nilimketisha, nikamsimulia kisa cha dada yangu, nacho ndicho ninachopenda kuwashirikisha juma hili.

Ilikuwa mwaka 2008. Serikali yetu ya Kenya ilikuwa ikiuza hisa bilioni 10 za Safaricom, yaani robo ya kampuni, kwa shilingi 5 kila moja. Miaka miwili kabla, hisa za KenGen zilizouzwa kwa shilingi 11.90 zilikuwa zimepanda zaidi ya maradufu mara tu zilipoingia sokoni. Basi kila kinywa kilinena habari za hisa. Dada yangu, mjane mwenye watoto watatu, alinijia na akiba yake ya karo. "Padre, wewe ndiwe uliyesoma. Unaonaje?" Nilimjibu pasipo kusita: "Shilingi 5 ni bei rahisi. Nunua." Sikuwa nimefungua hata ukurasa mmoja wa waraka wa mauzo.

Waombaji walikuwa wengi mno, naye akapata sehemu tu ya hisa alizoomba. Ziliingia Soko la Hisa la Nairobi tarehe 9 Juni 2008. Zilipanda kwanza, kisha zikateremka, msukosuko wa fedha ulipoitikisa dunia. Mwanzoni mwa mwaka 2009 zilikuwa chini ya shilingi 3. Karo ikadaiwa, naye akauza kwa hasara. Hakunilaumu. Alisema tu: "Padre, nilidhani ulikuwa umehesabu."

Neno hilo lilininyima usingizi. Nikaanza kujifunza, nikiwa mtu mzima, somo nililojifanya kulijua.

Kwanza nilijifunza kwamba bei ya hisa moja, peke yake, haisemi kitu. Safaricom ilikuwa na hisa bilioni 40. Kwa shilingi 5, kampuni nzima ilikuwa imepewa thamani ya shilingi bilioni 200. Faida yake baada ya kodi, kwa mwaka ulioishia Machi 2007, ilikuwa takriban bilioni 12. Gawanya kwa hisa zote: senti 30 kwa kila hisa. Maana yake, mnunuzi alilipa karibu mara 17 ya faida ya mwaka mmoja. Je, ni rahisi au ghali? Jibu hutegemea faida hiyo itakua kiasi gani. Ndipo huja maswali ya kampuni ina madeni gani, inashindana na nani, inabakiwa na fedha taslimu kiasi gani, na inatoa gawio gani. Mimi sikuuliza hata moja. Niliita rahisi kitu nisichokipima.

Pili nilijifunza juu ya wakati. Mwaka 2021 hisa zile zile zilipita shilingi 40. Basi kampuni haikuwa mbaya. Fedha tulizopeleka ndizo hazikustahili kwenda huko. Uchambuzi mzuri waweza kukuonyesha thamani ya kampuni, lakini hauwezi kukuambia ni mwezi gani soko litaikubali thamani hiyo. Karo ina tarehe yake, soko halina.

Nilimwomba dada yangu msamaha. Alinisamehe, na watoto walisoma, ingawa kwa kukopa. Yule mtu wa Injili anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama; mimi niliruka hatua ya kuketi, tena kwa fedha za mwingine.

Nilipomaliza, nilimwuliza kijana: "Fedha hizi utazihitaji lini?" Alinyamaza kidogo, akasema: "Mwezi ujao, Padre. Ni za kodi ya nyumba." Tukacheka wote wawili, kisha tukaanza kuhesabu.

Nawe mpendwa, nani anakuamini kwamba umehesabu?