Nyonga Iliyovunjika

Sisi waalimu wa Geita twawajua wavulana waangukao mwembeni au shimoni mwa dhahabu. Avunjikaye muundi, fundi wa kuunga mifupa huweza kumfaa, wala hatumdharau. Lakini shingo ya mfupa wa paja ni jambo jingine: mishipa ipelekayo damu kwenye kichwa cha mfupa hupita papo hapo, nayo ikikatika mfupa huoza ndani kwa ndani. Tunaye mmoja darasani aliyekandwa mafuta siku tisa, sasa achechemea. Basi asikandwe wala kuvutwa. Alazwe kitandani, achukuliwe hospitali siku ile ile, afungwe mfupa kwa skrubu. Tangu 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefupisha safari ya Bugando, Mwanza, lakini wazazi wengine wangali wangoja mnada wauze mbuzi kwanza.