Nilivyoacha Kubana Mkojo

Mimi nauza vitenge sokoni hapa Mwanza. Miaka mingi ya biashara yangu niliishi na UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, na wanawake wa sokoni tunaitaja kama watu wanavyotaja mafua. Mkojo unachoma, unabanwa kila baada ya dakika chache na ukienda yanatoka matone tu, na tumbo la chini linavuta. Nikiona hivyo nilikimbilia duka la dawa. Sikuwa na maelezo marefu. Nilisema "imerudi", nikahesabiwa vidonge vya sipro au septrini, nikalipa, nikarudi kwenye meza yangu.

Nikimeza siku mbili tatu maumivu yalitulia. Vidonge vilivyobaki niliviweka kwenye pochi, na mwenzangu akilalamika nilimgawia. Niliona nasaidia.

Maji nilikuwa sinywi. Chai asubuhi, soda mchana, basi. Choo cha soko ni cha kulipia, na wakati mwingine hakiingiliki, lakini sababu kubwa haikuwa hiyo. Sikuwa na mtu niliyemwamini kumwachia meza. Jirani yangu wa meza ya pili naye anauza vitenge, na nilikuwa na hakika kwamba nikiinuka atachukua wateja wangu. Kwa hiyo nilibana toka asubuhi mpaka jioni.

Nyumbani nilifanya baya zaidi. Niliamini UTI huletwa na mwanamume anayetoka nje ya ndoa, na kila iliporudi nilimtuhumu mume wangu. Alikana, nikapandisha sauti, watoto wakasikia. Alifika mahali akawa hajibu tena.

Kisha ikaja UTI iliyokataa dawa. Nilimeza sipro, homa ikazidi kupanda. Usiku nilitetemeka, nikatapika, na upande wa kulia chini ya mbavu kukawa na maumivu ambayo sikuwahi kuyajua. Mume wangu ndiye aliyetafuta bajaji na kunifikisha hospitali. Nikalazwa. Maambukizi yalikuwa yametoka kwenye kibofu yakapanda hadi figo.

Dada wa maabara alinipa kikopo na kunielekeza bila haraka: jitawaze kwanza, mkojo wa mwanzo uache uende, kinga wa katikati, usiguse ndani ya kikopo. Alisema mkojo utaoteshwa ili wajue ni mdudu gani na dawa ipi inamweza. Wakati tukisubiri nilichomwa sindano. Majibu yalipotoka, daktari alinionyesha karatasi yenye majina ya dawa, kila moja na herufi pembeni. S ni dawa inayofanya kazi, R ni dawa ambayo mdudu ameizoea. Mbele ya sipro kulikuwa na R. Septrini, R. Nilivitambua vidonge vyangu vyote vya pochini katika zile R.

Nilitegemea kugombezwa. Daktari aliketi akanieleza. Mara nyingi mdudu huyu ni E. koli, anayeishi kwenye utumbo wa kila mtu bila madhara. Shida huanza akihamia njia ya mkojo, na njia hiyo kwa mwanamke ina urefu wa sentimita 4 hivi, wakati ya mwanamume hukaribia 20. Mkojo ukitoka huwafagia wadudu. Ukibanwa wanapata muda wa kuzaana. Tendo la ndoa linaweza kuwasukuma kuelekea kibofu, na ndiyo maana mwanamke hushauriwa kukojoa baada yake. Lakini UTI si ushahidi wa uzinzi.

Mume wangu alikuwa amesimama pale pale, anasikia. Nilishindwa kumtazama. Daktari alipoondoka, mume wangu aliniuliza kama nitakunywa uji. Hakuongeza neno, siku ile wala baadaye.

Na yule jirani ndiye aliyeuza vitenge vyangu siku zote nilizolazwa. Sikumwomba. Alikuja wodini na daftari, kila kitenge kimeandikwa bei yake, na fedha zimefungwa kwenye leso. Namshukuru Mungu kwa watu hawa wawili, maana sikuwatendea wema wowote wa kustahili hayo.

Baadaye nilisoma kuhusu utafiti wa HATUA uliofanyika Kenya, Tanzania na Uganda, Mwanza ikiwemo. Kati ya wagonjwa wenye dalili za UTI, mkojo ulipooteshwa, ni kama thuluthi moja tu waliothibitika kuwa na maambukizi, na karibu nusu ya bakteria waliopatikana walikuwa sugu kwa dawa za aina nyingi. Wangapi kati yetu tumemeza dawa ya ugonjwa tusio nao? Kuchomwa na mkojo kunaweza kutokana na fangasi au ugonjwa wa zinaa, na huku Kanda ya Ziwa damu kwenye mkojo inaweza kuwa kichocho, ambacho kina dawa yake nyingine kabisa.

Kubadilika hakukuwa rahisi. Maji nilijilazimisha mpaka nikazoea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa wanawake wenye UTI za kujirudia waliokuwa wakinywa maji kidogo, walipoongeza lita 1.5 kwa siku, maambukizi yalipungua kwa karibu nusu. Natawaza kutoka mbele kwenda nyuma, na nimeacha kujiosha ndani kwa sabuni. Nikibanwa namwambia jirani "niangalizie", naye akibanwa ananiambia vivyo hivyo. UTI ilirudi tena, na miguu ilinivuta kwenda duka lile lile. Lakini nilikwenda zahanati, nikapima, nikapewa dozi na kuimaliza.

Dada yangu unayesoma haya huku umebana, inuka uende. Mkojo ukikuchoma, kapime kwanza kabla ya kununua dawa, na ukipewa dozi usiigawe wala kuiacha njiani. Kama una mimba, au mgonjwa ni mtoto au mwanamume, msichelewe. Na ikija homa pamoja na maumivu ya ubavuni au kutapika, nenda hospitali usiku huo huo.