Wimbo huu ni wa nani?

Likizo iliyopita, sisi tunaotengeneza tovuti ya seminari tulikaa Bukoba mjini tukijaribu mitandao mipya. WordPress ilitupatia blogu kwa muda mfupi tu. Audiomack ikapokea nyimbo za kwaya moja ya Muleba, tulizozirekodi kwa simu. Jioni tukahesabu wasikilizaji, tukafurahi.

Jumapili baada ya Misa tukaenda Muleba kuwasikilizisha wanakwaya. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akausikiliza wimbo wake hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole: “Wanangu, mmeandika nani kautunga?” Penye nafasi ya msanii tulikuwa tumejaza jina letu. Wala hatukumwomba ruhusa.

Tuliona aibu, tukaufuta palepale. Kwenye Swahili Music Notes, tunakopakua nota siku zote, wimbo huambatana na jina la mtunzi. Tulilijua hilo, haraka ya kujaribu vitu vipya ilitusahaulisha.

Tulipomwomba radhi, mzee akacheka: “Urudisheni, ila na jina langu.”

Tangu hapo, ndugu wasomaji, kabla ya kupandisha wimbo wowote tunaulizana kwanza: huu ni wa nani, na je, anajua?