KIJANA WA KASWIDA KILWA AFUTA KLIPU ILIYOMPA JINA, KISA MANENO YA MAMA WA MAREHEMU

Kilwa Masoko kuna jamaa mmoja, jina kapuni, ambaye wengi wa ukanda wa Lindi wamemsikia bila kumjua. Sauti yake ndo ile ya kaswida inayopigwa kwenye bajaji na vibanda vya chipsi. Mchana anatengeneza simu, usiku anarekodi. Studio yenyewe ni chumba kimoja, magodoro mawili kayasimamisha ukutani, khanga mlangoni kupunguza mwangwi. Dufu anaazima madrasa.

Mpaka mwanzoni mwa 2024 alikuwa anatengeneza zile klipu unazozijua: picha ya kaburi, mtu analia kwa nyuma, maandishi mekundu ya kutisha, halafu mwisho unaambiwa usambaze kwa watu kumi. Na zinapendwa, asikudanganye mtu.

Sasa kuna mvuvi mmoja kijana alizama. Akaopolewa siku ya pili, na kabla mwili haujafunikwa watu walishapiga picha. Jamaa akatumiwa, akaziunga kwenye CapCut, akaweka kaswida yake juu, akarusha. Nia yake ilikuwa kukumbusha watu kifo. Asubuhi klipu ishafika Mtwara, Dar, mpaka kwa ndugu walioko Muscat. Mama wa yule kijana alikuwa Nangurukuru, bado hajapigiwa simu. Alimwona mwanawe kwenye stetasi ya jirani.

Jamani.

Alikuja baada ya arobaini. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akasema: "Mwanangu, yule kaishi miaka 22. Nimemlea kwa kuuza ufuta. Wewe umechukua dakika moja, ile mbaya kuliko zote, ndo umewapa watu."

Jamaa akajitetea kwamba alikuwa anakumbusha.

"Unamkumbusha nani? Kila mtu anajua atakufa. Hukuona hata picha yake moja anacheka?"

Klipu akaifuta siku hiyohiyo, ingawa ndo iliyokuwa imempa wafuasi wengi kuliko zote. Ila kufuta kwako hakufuti kwenye simu ya mwenzio. Kilwa wanalijua hili toka enzi za masultani. Walipiga sarafu za shaba, upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, tena kwa vina kabisa. Mwaka 1944 sarafu tano za hivyo ziliokotwa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia! Hakuna anayejua kwa uhakika zilifikaje. Kitu kikishatoka na maneno ya dini juu yake, kinaenda kisikoitwa.

Ustadhi wake wa madrasa hakumsema sana. Alimfungulia sura ya Al-Maidah, aya ya 32, pale panaposema anayeokoa nafsi moja ni kama kaokoa watu wote. Akamuuliza, "Kifo umekiimba sana. Huku kuokoa utakuimba lini?"

Wiki kadhaa jamaa hakurekodi kitu. Halafu, Mei 4, kikaja kimbunga Hidaya. Mvua ikashuka ya kufa mtu, barabara ya Dar ikakatika maeneo ya Somanga, magari yakalala foleni huku na huku. Kila mwenye simu alikuwa anatafuta pabaya pa kupiga: nyumba iliyobomoka, mtu analia, gari limezama.

Jamaa naye alitoka na simu yake. Akampiga mzee anayevusha watu kwa mtumbwi, ila mikono tu na kasia. Akampiga mama lishe anawagawia uji abiria waliokwama. Na kuna kichanga kimefungwa khanga, kinapokezanwa mkono kwa mkono juu ya maji hadi kwa mama yake. Kila mtu alimwomba ruhusa kwanza. Mama lishe alikataa sura yake isionekane, basi linaonekana sufuria.

Video dakika tatu, na kwenye kaswida yote neno kifo halimo. Aliimaliza Jumapili, Mei 12. Siku hiyo nayo nyaya za chini ya bahari zikapata hitilafu, intaneti ikagoma Tanzania nzima! Bahati gani hii? Akaanza kuigawa kwa Bluetooth na memori kadi, watoto wa madrasa wakaibeba mpaka Kivinje. Mtandao uliporudi akaiposti. Watazamaji hawakufika hata robo ya ile aliyoifuta. Ukurasa mmoja mkubwa ukaichukua bila kumtaja, ukatoa kaswida, ukaweka bongo fleva. Hilo liliuma kuliko idadi.

Ila kuna mtu mmoja iliyemfikia. Mama wa marehemu alimtuma mjukuu na picha ndani ya bahasha: kijana wake juu ya jahazi, kashika kamba, meno yote nje. Akaagiza atengenezewe na yeye yake, kwa sharti moja. Isitajwe siku aliyokufa, itajwe siku aliyozaliwa.

Tarehe yenyewe mama haikumbuki. Anajua ilikuwa msimu wa ufuta, usiku, mkunga kachelewa, na mtoto alilia kwa nguvu mpaka jirani akaamka kuuliza kuna nini. Ndivyo jamaa alivyoiimba, na jirani yumo.