Masafa ya Unguja na Maskati

Kati ya Unguja na Maskati pana kilomita 3,900 hivi kwa mstari ulionyooka. Masafa hayo hayakupungua tangu dunia iwe dunia, wala hayatapungua kwa werevu wa binadamu. Kipunguacho ni muda. Ndege iendayo kilomita 800 kwa saa huyamaliza kwa muda wa saa 5 hivi. Jahazi lililokwenda kilomita 9 kwa saa, usiku na mchana, lingetaka siku 18. Na jahazi halikufuata mstari, bali lilifuata pwani, likatua bandarini, likautii upepo.

Upepo ndio uliokuwa na amri ya safari. Kaskazi ilivuma kuanzia Desemba ikaleta vyombo kutoka Omani. Kusi ikashika mnamo Aprili ikavirejesha. Baina ya pepo mbili hizi mgeni hakuwa na budi kungoja. Katika kungoja kwake aliuza tende, akanunua boriti, akasali na wenyeji, akajifunza maneno yao, na pengine akaoa. Bahari nayo haikumjali mkubwa wala mdogo: Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala pande zote mbili, alifia chomboni Oktoba 1856, karibu na Shelisheli, akitoka Maskati kuja Unguja.

Kila nisomeshapo maneno tuliyoyapata kwa Kiarabu, huwasimamisha wanafunzi wangu kwenye mawili: jirani na rafiki. Mtu hajifunzi maneno kama hayo kwa kupita njia. Hujifunza kwa kukaa.

Shangazi yangu alihamia Maskati baada ya 1970, Sultani Qaboos alipowaita Waomani waliokuwa ng'ambo warejee kuijenga nchi. Nyumbani kwake yeye husema Kiswahili tangu alfajiri, na wajukuu humjibu kwa Kiarabu. Nilipomzuru nilikuwa na likizo ya siku 4. Siku ya tatu mjukuu wake wa miaka 6, ambaye mpaka hapo alijua “shikamoo” tu, alianza kunifuata chumba kwa chumba akiniuliza majina ya vitu: hiki nini, kile nini. Siku ya nne nilifunga sanduku. Shangazi akaniuliza, “Mwanangu, umekuja au umepita?” Nikamwambia kwamba njia sasa ni fupi, nitarudi upesi. Akajibu, “Njia ilipokuwa ndefu, watu walikaa.”

Siilaumu ndege. Kwa sababu yake mgonjwa hufika kwa tabibu angali hai, na mwana aliye mbali huweza kuwahi maziko ya mzazi wake, jambo ambalo nahodha hodari hakuweza kuliahidi. Lakini ni haki kuuliza siku zile tulizookoa baharini zimekwenda wapi. Lau tungempa mwenyeji wetu nusu yake tu, mtoto yule angalikwisha kujua majina ya vitu vyote vya nyumba ile, na bibi yake angalipata mtu wa kumjibu kwa lugha yake.

Zamani upepo uliwakalisha watu, wakitaka wasitake. Leo hapana wa kutukalisha ila hiari yetu wenyewe.