Siku Niliyozifuta Nyimbo za Baba

Marehemu baba yangu alikuwa karani wa reli mjini Tanga, na starehe yake ilikuwa moja tu: kukaa jioni mbele ya redio kaseti, kidole juu ya kitufe cha kurekodia, akisubiri Radio Tanzania Dar es Salaam ipige wimbo anaoutaka. Kanda zenye nyimbo tayari hakununua. Alinunua tupu, akazijaza mwenyewe. Alikuwa nao Atomic Jazz na Black Star wa hapo hapo Tanga, alikuwa nao NUTA na Morogoro Jazz, na alikuwa na taarabu za Shakila, ambazo zikianza Mama husogeza kiti. Alipofariki mwaka 1994 aliacha kanda 41, nyingi za dakika 90, ndani ya sanduku la bati. Juu ya kila kanda aliandika namba tu. Majina ya nyimbo aliyaweka kichwani, akaondoka nayo.

Mwaka 2007 niliona ukungu umeanza kuzila, nikaamua kuziingiza kwenye kompyuta. Kazi hiyo haina njia ya mkato. Unachomeka waya kwenye tundu la redio kaseti, ncha ya pili kwenye kompyuta, kisha unakaa: kanda ya saa moja na nusu inakula saa moja na nusu yako. Usiku baada ya usiku, kwa miezi miwili na zaidi, nilikata nyimbo moja moja. Zile za kanda 15 za mwanzo niliziandikia jina la wimbo na la bendi kila nilipojua. Baada ya hapo uvivu ukanishika, nikaziacha na namba.

Kisha nikazitupa kanda. Mama aliniuliza, "Na lile sanduku la baba yako, mwanangu?" Nikamjibu kwa majivuno kwamba mambo ya masanduku yamepitwa na wakati.

Binamu yangu aishiye Muscat alikuwa ameniletea iPod, kile kidude kilichoanza kuuzwa mwaka 2001 na ambacho watengenezaji wake walikiaga mwaka 2022. Nilizimimina nyimbo zote humo, na kila nilipopanda basi kwenda Dar nilikuwa na baba yangu sikioni. Hata umeme ulipokatika siku moja ukarudi kwa kishindo na kuniunguzia kompyuta, sikushtuka sana. Nilijiambia nyimbo ninazo mfukoni.

Wiki chache baadaye nilikwenda kwa dada yangu. Mwanawe alikuwa na kompyuta mpya iliyojaa bongo fleva, akaniambia, "Mjomba, lete nikuongezee nyimbo za kisasa." Tukaunganisha waya. Kioo kikauliza swali la Kiingereza la mistari miwili mitatu: kwamba iPod hii imefungamana na maktaba ya kompyuta nyingine, je, ifutwe na kujazwa nyimbo za kompyuta hii? Silaumu kifaa, kiliuliza kwa adabu kabisa. Mimi niliona tu maneno ya kuunganisha, na haraka ya mgeni aliyekaribishwa chakula, nikabonyeza ndiyo.

Kitendo kile wataalamu wetu wanakiita kusawazisha, na kama ningelisikiliza neno lenyewe lingeniokoa. Nilidhani ni kama marafiki wawili wanaogawana: kilicho kwako nipe, kilicho kwangu chukua. Lakini mtu akisawazisha kiwanja hagawanyi, anaparuza. Kompyuta ndiyo bwana, kidude cha mfukoni ni kivuli chake. Ambacho hakipo kwa bwana hakina haki ya kubaki kwenye kivuli. Ilikuwapo sehemu katika programu ile ya kuchagua kwamba nyimbo utazipanga kwa mkono wako mwenyewe, moja moja, bila kusawazisha. Sikuwahi hata kuifungua.

Nilipogundua, chakula kilinishinda.

Bahati yangu ilikuwa kijana mmoja fundi wa kompyuta, ambaye neno lake la kwanza lilikuwa, "Usiweke kitu kingine humo, hata wimbo mmoja." Alinieleza kwamba kifaa kikifuta, mara nyingi kinachofutika kwanza ni orodha; nyimbo zenyewe hubaki mahali pake mpaka kitu kipya kikae juu yake. Ni kama kupangua jina kwenye daftari la nyumba ya wageni wakati mgeni bado amelala chumbani. Alipochimba alizikuta nyingi, lakini ndani ya mafolda yaliyofichwa, na kila faili lina jina la herufi nne zisizo na maana, kwa kuwa ndivyo iPod ilivyohifadhi nyimbo zake. Zile nilizoandikia majina zilirudi na majina yao, maana jina huandikwa ndani ya faili lenyewe. Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami daftari langu liliishia kanda ya 15.

Zilizobaki nilizipeleka kwa Mama. Kwa jioni nyingi tulikaa barazani, mimi na kalamu, yeye amefumba macho. "Huyu Shakila. Huyu si Atomic, sikiliza gita." Mara nyingine alitaja wimbo, kisha akataja mwaka, kisha nani alikuwa ana mimba mwaka huo, na kazi ikasimama nusu saa. Nyimbo zaidi ya 60 hazikurudi. Juu yake zilikuwa zimekaa zile za mpwa wangu.

Siku hizi ninazo nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje iliyofungiwa kabatini, na moja kwa dada yangu Moshi. Hakuna kifaa cha mfukoni ninachokihesabu.

Faili moja lilitusumbua. Lina sekunde 40 tu: mlango unafungwa, kiti kinaburuzwa, mtu anakohoa mara mbili, redio inaanza kupiga, inakatika. Nilitaka kulifuta. Mama akafumbua macho akasema, "Liandike jina la baba yako." Nikaliandika.