Bongo: Chumba cha Karibu au Usingizi?

Wewe mshikaji unayefunga begi kuja Dar, sikia. Mji huu hauitwi Bongo bure.

Basi litakushusha Mbezi, stendi ya Magufuli, iliyofunguliwa mwaka 2021. Hapo hapo hesabu zianze. Sinza na Kinondoni ni karibu na mjini, lakini kodi si mchezo. Baba mwenye nyumba anataka ya miezi 6 mkononi, wengine mwaka mzima, na dalali naye anasubiri ya mwezi 1. Ukishatoa, ndo basi tena, hazirudi!

Unakimbilia Chanika au Gongo la Mboto? Chumba bei poa, ila saa 10 alfajiri uko macho, na jioni unagombania daladala dirishani. Kimara kuna mwendokasi tangu 2016, inateleza kwenye njia yake mpaka Kivukoni. Lakini mvua ikikolea, bonde la Jangwani linafurika na Barabara ya Morogoro inafungwa. Utalala wapi siku hiyo?

Kwa hiyo usikague chumba Jumapili mchana, wakati barabara nyeupe. Nenda Jumatatu alfajiri, upande gari kutoka pale hadi kazini. Magari 2 kwenda na 2 kurudi, zidisha kwa siku 26, jumlisha na kodi. Hiyo ndiyo kodi yako ya kweli. Ikikushinda, tafuta mwenzio mpange wawili karibu na kazi. Kubanana si aibu. Kufukuzwa kazi kwa kuchelewa ndiyo noma.